Kumsoma Utubora Katika Mishamo

Kitabu nitakachokizungumzia ninacho tangu siku zangu za chuo cha ualimu. Jalada lake limetoka, kurasa za mwanzo zimeliwa na mchwa pembeni, na mahali fulani katikati pana doa la mafuta ya taa. Ni Utubora Mkulima cha Shaaban Robert. Sidhani kama kuna kitabu, ukiacha vile vya ibada, nilichokisoma mara nyingi kuliko hiki. Hata hivyo sina budi kukiri mapema, msomaji, kwamba kwa zaidi ya miaka kumi nilikisoma vibaya. Na kwa kuwa mimi ni mwalimu, sikukisoma vibaya peke yangu.

Kwa wale ambao hawajakisoma, au walikisoma shuleni kwa ajili ya mtihani wakakisahau siku ya pili yake, kisa chenyewe ni chepesi. Utubora ni mtu aliyerudi kutoka Vita Vikuu vya Pili. Ana kazi ya mshahara mjini Unguja, kazi ambayo wengine wanaitamani. Anaiacha. Anakwenda katika kijiji kiitwacho Busutamu kuwa mkulima, na huko, katika jasho lake na ujirani mwema na nyumba ya kadiri, anapata utulivu ambao mji haukumpa. Jina lake linasema lenyewe, kama ilivyo desturi ya mwandishi huyu, ambaye kwingine ametupa Adili, Kusadikika na Kufikirika.

Kitabu kilitolewa mwaka 1968. Sisi tuliokisoma chuoni mwanzoni mwa miaka ya 1970 tulikipokea kana kwamba kimeandikwa na kamati. Azimio la Arusha lilikuwa la mwaka 1967, Elimu ya Kujitegemea ya mwaka huo huo, na mwaka 1972 ikaja Siasa ni Kilimo. Bustani ya chuo chetu ilikuwa na matuta yenye namba, kila mwanachuo na tuta lake, na mkufunzi wetu wa Kiswahili alipenda kupita katikati ya matuta hayo, kitabu kwapani, akituambia kwamba hapo ndipo Busutamu. Hakuna aliyetuambia, wala hatukuuliza, kwamba mwandishi alifariki Juni 1962, karibu miaka mitano kabla ya Azimio. Hakuwa akiwaandikia wale waliokuwa wakimtumia.

Alikuwa akimwandikia nani, basi? Siku hizi nina jibu langu, nalo ni kwamba hiki ni kitabu cha karani. Shaaban Robert aliingia kazi ya ukarani wa forodha mwaka 1926, akaitumikia serikali ya kikoloni kwa miaka mingi, katika idara moja baada ya nyingine. Ukilikumbuka hilo, kilimo cha Utubora kinabadilika sura. Ni kilimo cha mtu aliyeketi mezani akitazama nje ya dirisha. Mwandishi anakisifu kilimo kuliko anavyotuonyesha mtu akilima, na wahusika wake wanazungumza kwa ufasaha mno kwa watu walioshinda shambani. Mimi nimelima. Saa za jioni mkulima huomba maji ya kuoga na chakula, maneno ni baadaye, akijaliwa.

Wapo wahakiki waliomlaumu Shaaban Robert kwa udhanifu, kwamba watu wake ni wema kupita kiasi na vijiji vyake havina vumbi. Lawama hiyo ni ya kweli lakini hainisumbui. Karani naye ana haki ya kuota. Linalonisumbua ni jambo jingine, nami nisingeligundua kamwe kama nisingeletwa Mishamo.

Nilihamishiwa hapa mwaka 1984. Nilikuwa na mke, watoto wawili, godoro moja na sanduku la vitabu. Mishamo wakati ule ilikuwa makazi ya wakimbizi katika Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa. Siku hizi tuko Mkoa wa Katavi, ulioanzishwa mwaka 2012. Watu wake walikuwa Warundi waliokimbia mauaji ya mwaka 1972. Wengi wao walikaa kwanza Ulyankulu, Tabora, na kule kulipojaa wakaletwa huku katika msitu wa miombo kuanzia mwaka 1978. Vilipimwa vijiji 16. Kila familia ilionyeshwa eneo lake, likiwa bado na miti, ikaambiwa hapa ni penu. Walifyeka, wakalima, na kufika mwaka 1985 Mishamo ilihesabiwa kuwa inajitosheleza kwa chakula, ikakabidhiwa rasmi kwa Serikali na wafadhili waliokuwa wakiisaidia. Nimeona vijiji vingi katika maisha yangu, na sijaona mashamba ya mahindi na maharage yaliyotunzwa kama yale.

Kwa macho yangu ya wakati ule, hii ilikuwa Busutamu yenyewe. Watu wanakula wanacholima, nyumba ni za udongo na nyasi, nyua zimefagiwa, hakuna baa, hakuna gari isipokuwa la ofisi. Nikaanza kuwasomea wanafunzi wa darasa la saba Utubora Mkulima mchana wa Ijumaa, sura kwa sura.

Mwaka ule niliwapa insha: "Nikiwa Mkubwa." Mvulana mmoja aliandika kwamba yeye akiwa mkubwa atakuwa dereva wa lori, na kila usiku atalala mji mwingine. Aliitaja miji: Tabora, Kigoma, Dodoma, Mwanza. Alikuwa ameipanga vizuri, ingawa kwa njia aliyoipanga lori lingezunguka nchi mara mbili kabla ya kufika. Insha ilikuwa safi, haina makosa ya herufi. Nikampa alama 4 katika 10, na chini yake nikaandika kwa wino mwekundu: "Ridhika na ulicho nacho. Mkumbuke Utubora." Nilijiona nimefundisha.

Katika kijiji kile nilikuwa na jirani, mtu mzima kunizidi kwa miaka kama kumi na mitano. Yeye aliniita Mwalimu, mimi nilimwita Mzee. Kusoma Kiswahili alijifunza ukubwani, katika kisomo cha jioni huko Ulyankulu, naye alisoma kama mtu anayepukuchua mahindi, punje kwa punje, haruki hata moja. Siku moja wakati wa kiangazi aliona kitabu mezani kwangu akaniomba. Alikaa nacho wiki tatu. Alipokirudisha alikuwa amekifunga katika karatasi ya mfuko wa saruji ili kisichafuke.

"Kitabu kizuri, Mwalimu," alisema. "Nimekisoma mara mbili."

Nikafurahi, nikamwuliza amejifunza nini.

"Huyu bwana ana bahati," akasema. "Hakuombwa kibali."

Nilidhani anatania. Akanieleza taratibu, kama mtu anayemweleza mtoto. Utubora alikuwa mjini, akatoka kwa miguu yake. Angechoka na jembe angerudi Unguja na hakuna ambaye angemwuliza karatasi. "Mimi nililetwa hapa juu ya lori pamoja na mbuzi. Nikitaka kwenda Mpanda kumwona mgonjwa, naanzia ofisini. Mimi na huyu bwana tunalima wote, lakini hatufanyi kazi moja."

Msomaji anaweza kufikiri kwamba niliona aibu pale pale. Hapana. Nilimjibu kwa methali, kama tufanyavyo walimu tunaposhindwa, na maneno yake yakakaa ndani yangu kama mwiba usiouma mpaka uukanyagie. Ilikuwa miezi mingi baadaye, nikisahihisha madaftari, nilipoona neno "ridhaa" katika sentensi ya mtoto na neno "kuridhika" chini yake, nikasimamisha kalamu. Ni maneno ya mzizi mmoja. Maisha yangu yote nilikuwa nimefundisha kuridhika kana kwamba ni uvumilivu wenye uso wa furaha. Lakini lugha yenyewe inasema kwamba aliyeridhika ni aliyetoa ridhaa, na ridhaa haiwezi kutolewa na mtu ambaye hakuulizwa.

Ukirudi na jambo hilo kwenye kitabu, utaona kwamba uzito wote wa kisa umebebwa na tendo moja la mwanzo: kuacha kazi. Liondoe, umwache Utubora amezaliwa Busutamu na hajui njia ya kutokea, na furaha yake yote inakuwa si habari. Atakuwa mkulima kama wakulima wengine, ambao hakuna anayeandika vitabu kuhusu utulivu wao. Mwandishi analitegemea tendo hilo bila kuliona. Kwake mlango uko wazi siku zote, kwa hiyo hana haja ya kuutaja, kama samaki asivyotaja maji. Hii ndiyo hitilafu ya kitabu kama ninavyoiona, nayo si ya Shaaban Robert peke yake. Mmarekani Henry David Thoreau alikwenda kuishi peke yake katika kibanda kando ya ziwa Walden mwaka 1845, akaandika kitabu ambacho dunia nzima hukitaja inapozungumza juu ya maisha ya kadiri. Alikaa miaka miwili na miezi miwili. Halafu akaondoka, kwa kuwa aliona ana maisha mengine ya kuishi. Hakuna aliyemzuia, na ndiyo maana kibanda kile kilikuwa kitamu.

Kwetu waliojua kwamba shamba laweza kuwa adhabu ni waandishi wa baadaye. Euphrase Kezilahabi, katika Gamba la Nyoka (1979), alituonyesha watu wa Ukerewe wakihamishiwa katika kijiji cha ujamaa kwa nguvu. Ukisoma Utubora Mkulima asubuhi na Gamba la Nyoka jioni, utadhani ni nchi mbili, na bado ni jembe lile lile. Mwaka 1983, mwaka mmoja kabla ya mimi kuja hapa, ilitungwa Sheria ya Nguvu Kazi, na wasio na kazi maalumu Dar es Salaam walikamatwa na kupelekwa mashambani. Nao walikuwa wametoka mjini kwenda kulima, sawasawa na Utubora. Sijasikia hata mmoja aliyesema amepata utulivu.

Lakini jirani yangu hakuwa amemaliza nami. Mwaka 1986 au 1987 hivi nilimwambia, kwa nia njema kabisa, kwamba hata hivyo yeye ameridhika kuliko mimi. Ilikuwa kweli kwa macho: alikuwa na asali, alikuwa na mihogo, alikuwa na mke anayecheka, na jioni alikaa kwenye kigoda akichonga mpini kana kwamba dunia imekamilika. Akaacha kuchonga. "Mwalimu, usiseme hivyo mbele ya watu. Nikiridhika, nimehama."

Sikuielewa sentensi hiyo mpaka nilipopata kusoma habari za mtafiti Liisa Malkki, aliyezungumza na watu wa Mishamo na wale wa Kigoma mjini katika miaka ile ile ya 1985 na 1986, na kitabu chake, Purity and Exile, kikatoka mwaka 1995. Anaeleza kwamba wakimbizi wa hapa makazini walijiona kuwa taifa lililo njiani kurudi, na taabu yao ilikuwa ushahidi wa hilo. Waliokwenda kustarehe mjini walionekana wamejisahau. Basi nikaelewa. Mimi nilikuwa nikimsifu jirani yangu kwa jambo ambalo wenzake wangeliita usaliti. Kabla mtu hajaridhika nyumbani lazima aamue nyumbani ni wapi, na kwa mzee yule uamuzi huo ulikuwa mkubwa kuliko mambo yote yaliyomo katika Busutamu.

Aliufanya. Mwaka 2007 Serikali iliwapa wakimbizi wa mwaka 1972, wa Katumba, Ulyankulu na Mishamo, nafasi ya kuchagua kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Walio wengi waliomba uraia, na waliokubaliwa wakazidi 162,000. Jirani yangu alirudi kutoka kuandikishwa akapita kwangu, akakaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwalimu, sasa nimehama." Alikuwa amekaa mahali hapo hapo karibu miaka thelathini.

Kilichofuata ningependa Shaaban Robert angekiandika yeye, kwa maana mimi sina kalamu yake. Mpango wa mwanzo uliwataka raia wapya waondoke katika makazi na kutawanywa katika mikoa mingine. Yaani mtu ambaye kwa muda wote huo hakuruhusiwa kutoka bila kibali aliambiwa, siku alipokubali kwamba hapa ni kwake, ajiandae kutoka. Kwa miaka kadhaa Mishamo ilishikwa na kitu ambacho sijui nikiite nini. Nyasi za mapaa zilioza zisibadilishwe. Hakuna aliyepanda mwembe, kwa maana mwembe hupandwa na mwenye kesho. Watu waliofyeka msitu kwa mikono walilima kwa msimu mmoja mmoja, kama wapangaji. Jirani yangu alifariki mwaka 2012 chini ya paa lililovuja. Baadaye mpango wa kuwahamisha uliachwa, na vyeti vya uraia vikaanza kugawiwa mwaka 2014.

Sasa, msomaji ataniuliza: ikiwa hivyo, kwa nini bado unakisoma kitabu hiki? Nakisoma kwa kuwa baada ya kustaafu nimejikuta ndani yake. Mimi ni Mfipa. Nyumba ya baba yangu iko Ufipa na ningeweza kurudi kuishi huko. Mwanangu wa pili yuko Dar es Salaam, ana chumba cha wageni, na kila sikukuu hunipigia simu, "Baba, utakaa huko porini mpaka lini?" Mama yao naye huulizwa pembeni, wakidhani sijui. Hatuna sababu kubwa ya kubaki. Tuna kisima kizuri, ng'ombe wawili, taa ya jua inayotosha kusomea, na watu wanaonisalimu kwa kazi niliyoifanya. Asubuhi napalilia mpaka jua linapochoma, kisha nakaa chini ya mwembe na kitabu. Ni maisha madogo. Nimeyatolea ridhaa, na kila mwaka, mvua zinapokwisha na barabara ya Mpanda ikipitika, huwa ninajiuliza upya kama bado naitoa. Kwa maana hiyo mimi ni Utubora wa kweli, mwenye nauli mfukoni. Sioni haya kufurahia hali hiyo. Ninachoona haya ni kuwahi kuifanya amri kwa mtoto wa miaka kumi na minne.

Na hapa nikitendee haki kitabu. Nikikisoma leo sikioni kikimwamuru mtu yeyote abaki alipo. Kinamsifu mmoja aliyeondoka. Amri tuliiweka sisi, wakufunzi na walimu, tulioona kwamba hadithi ya mtu anayeridhika inafaa sana kusomewa watu ambao hatukusudii kuwaongezea kitu. Yule mvulana wa lori alikuwa amemwelewa Utubora kuliko mimi. Alitaka kwanza awe na njia.

Nilimtafuta ili nimwambie hivyo. Hakuwa mbali: hakuwahi kuwa dereva, ana mashine ya kusaga katika kijiji cha pili, na kichwa chake sasa kimejaa mvi za unga na mvi za kweli. Nilimkumbusha ile insha. Alifikiri sana, akizima mashine ili anisikie vizuri.

"Insha siikumbuki, Mwalimu," alisema. "Nakumbuka wino."

Nikamwomba radhi. Akacheka, akakataa kupokea fedha ya kusaga mahindi yangu, jambo lililonifedhehesha zaidi, nikarudi na debe langu kichwani.

Kiangazi cha mwaka 2015 mjane wa jirani yangu, cheti chake cha uraia kikiwa ndani ya mfuko wa nailoni, aliuza maharage na mbuzi watatu akanunua mabati. Nyumba ni ile ile ya udongo, vyumba viwili. Vijana walipanda juu, mimi kwa umri wangu nikapewa kazi ya kushika ngazi. Kutwa nzima walipigilia misumari. Jioni alitoka nje, akarudi nyuma hatua kumi na kulitazama paa, kisha akaniuliza kama nadhani upande wa magharibi panatosha miembe miwili au mitatu. Tukapima kwa hatua zangu. Ilitosha miwili.